Mapango ya Amboni hayafiki Mombasa wala Kilimanjaro

Ukifika Mapango ya Amboni, kaskazini ya mji wa Tanga, hukosi kuambiwa kwamba njia za humo ndani zinakwenda hadi Mombasa, au kwamba kuna mbwa aliyepotelea humo akaibukia Kilimanjaro. Ni hadithi tamu, lakini mwamba wenyewe unaikataa.

Amboni ni nchi ya mawe ya chokaa yaliyojengeka chini ya bahari enzi za Jurasiki, yapata miaka milioni 150 iliyopita. Maji ya mvua hubeba hewa ya ukaa, yakawa na uchachu mdogo, yakapenya kwenye nyufa na kuyeyusha chokaa kidogo kidogo mpaka pakawa na ukumbi wa kusimama watu. Kwa hiyo pango la namna hii huishia pale chokaa inapoishia. Kilimanjaro ni mlima wa volkano; mwamba wake si wa kuyeyushwa na mvua hivyo. Na Mombasa iko zaidi ya kilomita 100. Wapimaji waliochunguza eneo hilo mwaka 1994 walikuta mapango 10, na refu kuliko yote halikufika hata kilomita moja.

Mimi naona ukweli unapendeza zaidi. Mulika tochi darini: tone linaning'inia kwenye ncha ya jiwe, na kabla halijadondoka linaacha chembe ya chokaa. Jiwe lote lile limekua hivyo, na mto Mkulumuzi bado unapita hapo nje.