Kupiga kambi kando ya kijito cha msituni: isome ardhi kabla ya kusimamisha hema

Karibu kila kambi iliyo kando ya kijito cha msituni ina kiwanja kimoja ambacho wageni hukikimbilia kabla ya vingine vyote: ni tambarare, kina udongo laini na kivuli kizuri, na kiko hatua chache tu kutoka majini. Mimi ni mtaalamu wa haidrolojia ya misitu, na kazi yangu ni kuchunguza namna vijito vinavyojenga na kubomoa kingo zao, pamoja na namna nyayo za wageni zinavyoingilia kazi hiyo. Ninapofika kwenye kiwanja cha namna hiyo hutaka kwanza kujua ni nini kilichokisawazisha, na mara nyingi hugundua kwamba ni kijito chenyewe. Udongo ule laini ni mchanga na tope lililotandazwa na mafuriko, tabaka juu ya tabaka, na maji yaliyoufikisha pale siku moja yatapita pale tena.

Uwanda wa mafuriko, yaani ardhi hiyo iliyosawazishwa na maji, ni sehemu ya kijito kama ulivyo mkondo wake wa kila siku, ila hutumika mara chache zaidi. Vijito vingi hujaa hadi ukingoni mara moja hivi katika kila mwaka mmoja au miwili, na baada ya kiwango hicho maji ya ziada hayana pa kwenda isipokuwa kwenye kile kiwanja chenye kivuli. Mto mkubwa wa nyanda za chini hupanda kwa siku kadhaa, kwa hiyo huwapa watu muda wa kufungasha. Kijito chenye miteremko mikali na eneo dogo linalokikusanyia maji kinaweza kupanda ndani ya saa moja au pungufu, na mvua inayokipandisha huenda inanyesha juu kabisa ya bonde, nyuma ya kilima, wakati wewe umekaa chini ya anga safi ukiota moto.

Sisemi haya kwa nadharia. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Juni 2010, katika eneo la mapumziko la Albert Pike lililo ndani ya msitu wa taifa wa Ouachita, jimbo la Arkansas nchini Marekani, mto Little Missouri ulipanda kwa zaidi ya mita 5 katika saa chache za giza, ukawakuta wageni wamelala, na watu 20 wakafa. Tarehe 7 Agosti 1996, karibu na mji wa Biescas katika milima ya Pirenei nchini Hispania, mafuriko yaliyoteremka katika korongo la Arás yaliifagia kambi iliyojengwa juu ya mawe na changarawe ambazo korongo hilohilo lilikuwa limezimwaga kwa karne nyingi mahali linapotoka mlimani. Watu 87 walipoteza maisha. Huko Le Grand-Bornand, Ufaransa, tarehe 14 Julai 1987, kijito cha Borne kiliua watu 23 kambini. Zote tatu zilikuwa kambi rasmi, si viwanja vya kujichagulia porini. Ndiyo maana huwasihi watu wasichukue uwepo wa meza, bango na choo kuwa ni ushahidi kwamba mahali hapo panafaa kulala. Huenda eneo likafaa sana kwa wageni wa kutwa, wanaokaa macho na wanaoondoka kabla ya jioni, lakini likawa la hatari kwa mtu aliyefumba macho ndani ya hema.

Dalili za mafuriko yaliyopita hubaki ardhini na mitini kwa miaka, na kuzisoma hakuhitaji chombo chochote. Tazama matawi ya chini na vichaka: nyasi kavu, vijiti na takataka zilizonaswa huko zinakuonyesha kimo ambacho maji yalifika, na ikiwa kimo hicho kinazidi kichwa chako, basi kiwanja hicho si cha kulala. Kagua mashina ya miti upande unaoelekea kule maji yanakotoka, kwa maana magogo na mawe yanayosombwa huchubua gome la upande huo. Mchanga mpya uliofunika majani makavu ni habari ya majuzi. Mawe ya mviringo, laini, yaliyotawanyika katikati ya kiwanja yalisafirishwa na maji yenye nguvu, kwa sababu maji ya polepole huacha tope tu.

Dalili ambayo naona inapuuzwa kuliko zote ni kile kibonde kirefu, chembamba, kikavu, kinachopita nyuma ya kiwanja, kati ya mahema na mteremko. Wengi hukidhani ni mfereji wa barabara ya zamani. Mara nyingi ni mkondo wa zamani wa kijito, nao ni miongoni mwa sehemu za kwanza kujaa maji yanapopanda, hata kabla ukingo wa mbele haujafurika. Matokeo yake ni kwamba mgeni anayekodolea macho kijito kilicho mbele yake huzungukwa kwa nyuma, na njia yake ya kupanda kilimani inakatika wakati hema lake lingali kavu. Ukiona kibonde hicho, hesabu kwamba umesimama kisiwani, hata kama kwa leo hakuna maji.

Mahali pa kutafuta ni ngazi ya juu zaidi ya bonde, ile ambayo miti yake ni mikubwa, imesimama wima, na chini yake kuna majani yaliyooza bila tabaka la mchanga. Kupanda huko kuna faida nyingine ambayo huwashawishi hata wale wasioogopa maji: usiku hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama chini ya bonde, hivyo hema lililo karibu na maji huamka limelowa umande, wakati lile lililo juu kidogo hubaki kavu na lenye joto zaidi. Kabla ya kusimamisha hema, inua macho vilevile. Mti uliokufa au tawi kavu lililoning'inia linaweza kuanguka usiku usio na upepo wowote, na udongo uliolowa wa kando ya kijito hushika mizizi kwa udhaifu.

Chagua pia njia ya kutorokea, na iwe ya miguu. Kambi nyingi za mabondeni huingiwa kwa daraja dogo au kivuko kimoja, na hicho ndicho kitakachofunikwa kwanza. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 hulisomba gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi ya kawaida, kwa hiyo kulikimbilia gari ni uamuzi mbaya karibu kila mara. Maji yakianza kubadilika rangi, yakileta vijiti na majani mengi kwa ghafla, au ukisikia mlio mzito wa mawe yakigongana chini ya mkondo, panda mteremko wakati huohuo na uache mahema yalivyo. Kijito kinachopungua ghafla bila sababu nacho kinastahili hofu, kwani huenda maporomoko ya udongo yameziba mkondo huko juu na maji yanakusanyika nyuma yake. Tena, mawasiliano ya simu hukosekana katika mabonde mengi. Utabiri wa hewa usomwe kabla ya kuingia msituni, na uwe wa eneo lote la juu ya bonde, si wa mji ulio karibu. Pakiwa na bwawa lenye malango huko juu, uliza ratiba ya kufungulia maji.

Ukishapata pa kulala, suala linalofuata ni usalama wa kijito kutokana nasi. Ukanda wa miti ulio kando ya maji ni mwembamba, lakini kazi unayoifanya ni kubwa. Kivuli chake huyaweka maji katika ubaridi, na maji baridi hushika oksijeni zaidi: kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzijoto 10 za Selsiasi yanaweza kushika miligramu 11 hivi kwa lita, ilhali ya nyuzijoto 20 hushika takriban 9. Mizizi yake hushikilia ukingo. Nyayo zinapouponda udongo, maji ya mvua hayazami tena bali hutiririka juu yake, ukingo humeguka, na tope laini huziba nafasi zilizo kati ya changarawe, ambamo mayai ya samaki na mabuu ya wadudu hupata hewa. Sehemu kubwa ya uharibifu huo hutokea katika siku za mwanzo za kutumika kwa kiwanja. Wageni wa baadaye huongeza kidogo tu. Hii ndiyo sababu ya kanuni inayowashangaza wengi, kwamba katika eneo linalotembelewa sana ni vema kutumia kiwanja kilichokwisha kuwa kipara kuliko kufungua kipya chenye nyasi.

Wageni wa kutwa huwa wengi kuliko wanaolala, nao hukusanyika kwenye mita chache za ukingo. Tumieni ngazi na njia zilizotengenezwa, hata kama ile ya mkato ni fupi. Watoto hupenda kujenga mabwawa ya mawe, na mimi sioni sababu ya kuwanyima kijito. Ninachoomba ni kwamba mawe yarudishwe jinsi yalivyokuwa. Ligeuze jiwe moja taratibu, uwaonyeshe viumbe waliojibana chini yake, kisha ulilaze upande uleule, kwa sababu wengi wao hawawezi kuishi wakiwa wamegeuziwa jua.

Umbali wa mita 60 kutoka majini, unaotajwa katika kanuni nyingi za kambi kwa ajili ya kuoga kwa sabuni, kuosha vyombo na kujisaidia, una maana yake. Udongo ndio unaochuja vimelea na kuvunjavunja sabuni, pamoja na ile inayouzwa kwa sifa ya kuoza, lakini unahitaji nafasi ya kufanya hivyo, na karibu na ukingo maji ya ardhini huwa juu sana na yameungana na kijito. Chota maji, nenda nayo mbali, yamwage kwa kuyatawanya. Kama kuna choo, kitumie. Kama hakuna, chimba shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20 na ulifukie. Kwenye korongo jembamba ambako mita 60 hazipatikani, hakuna njia ya heshima isipokuwa kubeba kinyesi chako kwenye chombo kilichofungwa.

Maji maangavu hayana maana kwamba ni salama kunywa. Giardia na Cryptosporidium, ambavyo ni vimelea vidogo vinavyosababisha kuhara, huletwa na wanyama na watu wa juu ya mkondo, na hicho cha pili huvumilia klorini, hivyo vidonge peke yake havitoshi. Chemsha hadi yatokote kwa nguvu kwa dakika 1, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Katika nchi za joto, ambako kichocho kipo, hatari huingia hata kupitia ngozi, hasa pale maji yanapokwenda polepole na kuna konokono; usioge huko kwa kudhani kwamba kutokunywa kunatosha.

Kuhusu moto, tumia mahali palipokwisha tengwa, na usiuzungushie mawe uliyoyatoa kijitoni, kwa maana maji yaliyonaswa ndani yake hugeuka mvuke na kuyapasua kwa kishindo. Usichome wala kuyaondoa magogo yaliyolala majini. Huko Amerika Kaskazini wasimamizi wa misitu walitumia miaka mingi ya karne ya 20 kuyatoa magogo kwa nia ya kuwasaidia samaki, kisha wakatumia fedha nyingi kuyarudisha, baada ya kubainika kwamba ndiyo yanayofanyiza vidimbwi vyenye kina na kuzuia changarawe isisombwe. Kuni nazo zitoke jirani, pale zinaporuhusiwa. Mdudu mtoboaji wa miti ya jamii ya Fraxinus (iitwayo ash kwa Kiingereza), aliyegunduliwa kuwa ameingia jimbo la Michigan, Marekani, mwaka 2002, ameua mamilioni ya miti, na usafirishaji wa kuni ni mojawapo ya njia zilizomfikisha mbali kuliko ambavyo angeruka mwenyewe.

Wakati wa kuondoka, mwagia makaa maji, koroga, mwagia tena, kisha weka kiganja juu ya majivu. Pakiwa bado pana joto, rudia, kwani moto unaweza kutambaa ndani ya mizizi na kuibuka baada ya siku kadhaa. Halafu pita kwa msimamizi wa eneo umweleze ulichokiona: ukingo uliomeguka upya, mti ulioinama, takataka za mafuriko zilizonaswa juu kuliko viwanja vya kulala. Yeye ndiye mwenye uwezo wa kukifunga kiwanja kabla ya msimu wa mvua, na mara nyingi hana mtu mwingine wa kumpa habari hizo.