Je, wajua kwa nini almanaka za kale za Marekani, yaani vijitabu vya kalenda vya kila mwaka, ni adimu ilhali zilichapwa kwa maelfu?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kitu kikiwa adimu, basi kilitengenezwa kidogo. Sivyo. Benjamin Franklin, mchapaji wa Philadelphia, aliandika mwenyewe kwamba almanaka yake iliuzwa karibu nakala 10,000 kila mwaka. Aliitoa tangu ile ya 1733 hadi ya 1758, wakati makoloni ya Marekani yakiwa bado chini ya Uingereza. Lakini nakala za toleo la kwanza zilizosalia ni za kuhesabu kwa vidole.

Basi nikadhani karatasi imeoza. Hilo nalo si kweli. Karatasi ya zama hizo ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, na nyuzi zake ni imara. Inayogeuka manjano na kukatikakatika ni ile ya miti, iliyoenea karne ya 19.

Kilichoziangamiza ni kutumika. Tazama kalenda yako ya ukutani. Mwaka ukiisha inashushwa: ukurasa mmoja unajaladia daftari la mtoto, mwingine unafungia karanga, uliobaki unawashia jiko. Nani aiweke, na kila nyumba inayo? Msahafu wa babu, kwa upande wake, umeviringishwa kitambaa na uko juu ya kabati. Kinachodumu ni kile ambacho watu waliona vibaya kukitupa.

Mwaka 1639, matbaa ya Cambridge, Massachusetts, ilichapa almanaka ya nahodha William Pierce. Haijulikani ilipo hata nakala moja. Mwaka uliofuata matbaa hiyohiyo ilichapa kitabu cha zaburi, nakala zipatazo 1,700, na 11 zipo hadi leo.

Almanaka yenyewe ni kijitabu chembamba kilichoshonwa kwa uzi: macheo, miandamo ya mwezi, siku za mahakama. Nyingine zina tundu kwenye kona, kwa kuwa zilitungikwa kwa kamba karibu na meko. Lakini si kila tundu ni la kamba. Wadudu nao walikula sehemu yao.

Wapo wakusanyaji wanaotaka kurasa safi. Mimi naona zenye wino pembeni ndizo za thamani, kwa sababu maandishi ya mwenyewe mara nyingi ndiyo yaliyoziokoa. George Washington alitia karatasi tupu katikati ya kurasa za almanaka ya Virginia, akaandika humo shajara yake, siku baada ya siku. Hizo hakuna aliyewashia moto.