Je, wajua? Mvinyo mwekundu ukikaa miaka mingi hupauka, wala hauzidi ukali

Chukua glasi mbili za mvinyo mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa: moja ya mavuno ya juzijuzi, nyingine ya chupa iliyolazwa miaka 30. Ziinamishe juu ya karatasi nyeupe, utazame ukingoni, pale mvinyo unapokuwa mwembamba. Ule mpya ni wa zambarau iliyokolea hadi mwisho. Ule wa zamani umepauka. Ukingo wake una rangi ya tofali, pengine unakaribia chungwa. Mvinyo mweupe nao hufanya kinyume kabisa: kadiri unavyokaa ndivyo unavyokolea, kutoka manjano hafifu hadi dhahabu, na mwisho kahawia. Sasa wekundu wa ule mwekundu wa zamani umekwenda wapi?

Kwanza tuondoe dhana moja iliyoota mizizi, kwamba mvinyo wa zamani ni mkali kwa sababu kilevi kimekuwa kikipanda mwaka hadi mwaka. Hakipandi. Kilevi hutengenezwa na hamira inapokula sukari ya zabibu, na kwa mvinyo wa aina hii kazi hiyo kwa kawaida huisha wiki chache tu baada ya mavuno. Mvinyo unapotiwa kwenye chupa, sukari ya kuliwa karibu yote imeshakwisha. Chupa iliyoandikwa asilimia 12.5 haitafika 14 hata ikilala nusu karne. Huenda dhana hii imetokana na pombe zinazonywewa zikiwa bado zinachacha, ambazo kweli za jana huwa kali kuliko za leo. Kwa Bordeaux mambo yamegeuka hasa: chupa za miaka ya 1960 aghalabu zina kilevi pungufu kuliko za sasa, kwa kuwa siku hizi zabibu huvunwa zikiwa zimeiva zaidi, na sukari nyingi huzaa kilevi kingi.

Dhana hiyo ina pacha wake, kwamba kila mvinyo hunoga ukiwekwa. Sehemu kubwa ya mvinyo duniani hutengenezwa unywewe mapema, na kuufungia miaka 20 ni kuuharibu kwa uvumilivu. Bordeaux nzuri inahimili umri kwa sababu ya zabibu zake, hasa Cabernet Sauvignon, ambayo tunda lake ni dogo, ngozi nene. Maji ya zabibu hiyo hayana rangi. Wekundu wote hutoka kwenye ngozi, katika kemikali ziitwazo anthosianini, na pamoja nazo hutoka tanini za ngozi na mbegu. Pipa la mwaloni huongeza nyingine.

Tanini ndizo zinazoleta ukakasi. Zinapoingia kinywani hunasa protini za mate, ule utelezi ukaondoka, na ufizi ukabaki mkavu kama umepanguswa kwa kitambaa. Ndani ya chupa, bila haraka yoyote, tanini na anthosianini hushikana. Fikiria mabehewa ya treni yaliyotawanyika uwanjani. Mwanzoni kila moja liko peke yake. Taratibu mawili yanaunganishwa, kisha matatu, kisha msururu. Oksijeni kidogo sana iliyomo, ikiwemo inayotoka kwenye kizibo chenyewe, husaidia kutengeneza asetaldehaidi, na hiyo ndiyo ndoano ya kuunganishia baadhi ya mabehewa. Behewa la anthosianini likishaungwa hubadili rangi, likaelekea tofali. Na baadhi ya misururu huwa mizito kiasi kwamba haiwezi tena kuelea: inazama chini ya chupa ikiwa imebeba rangi yake. Mashapo yale meusi si uchafu wala dalili ya kuoza. Ndio wekundu wenyewe tuliokuwa tukiutafuta.

Hapo ndipo maelezo mengi huishia, yakiongeza kuwa ukakasi hupungua kwa sababu misururu mirefu imezama. Si rahisi hivyo. Katika tindikali ya mvinyo misururu hiyo pia hukatika, na majaribio ya kuonja yameonyesha kuwa tanini ndefu zinaweza kukausha kinywa kuliko fupi. Kwa hiyo ulaini wa mvinyo wa zamani hauelezeki kwa urefu peke yake. Umbo la misururu na anthosianini zilizochanganyika humo zina mchango wake.

Mashapo ndiyo sababu ya chupa kusimamishwa siku nzima kabla ya kufunguliwa, kisha mvinyo ukamiminwa polepole kwenye jagi la kioo, mshumaa ukiwaka nyuma ya shingo ya chupa ili weusi ukianza kusogea mtu asimamishe mkono. Mvinyo uliozeeka sana haufai kuachwa humo saa nyingi: harufu zake ni dhaifu na hewa huzimaliza upesi.

Rangi, basi, ni shahidi mzuri wa umri. Kwa harufu ni shahidi mpotoshaji. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Bordeaux ambamo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Ndiyo maana baadhi ya waonjaji hutumia glasi nyeusi tii, wakakubali kupoteza ule ukingo wa tofali ili pua isidanganywe na jicho.