Ushirika: kwa nini Yohana aliandika "furaha yetu"

Hapa Dodoma ukitaja ushirika, wengine wataanza kuwaza AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, na bei ya zabibu. Hawajakosea sana. Kushiriki ni kuwa na fungu lako katika kitu kilicho cha wengi. Walutheri huita kanisa lao la mtaa usharika. Waanglikana wakisema Ushirika Mtakatifu, wanasema ile Meza ya Bwana ambayo Wakatoliki huiita komunyo. (Hata ushirikina umetoka shina hilohilo, maana ni kumwekea Mungu washirika. Tuuache hapo.)

Kwa Mkristo, mwenye fungu wa kwanza ni Mungu mwenyewe. Waraka wa kwanza wa Yohana unasema: "ushirika wetu ni pamoja na Baba, na pamoja na Mwana wake Yesu Kristo." Mstari unaofuata unaeleza sababu ya kuandika: "ili furaha yetu itimizwe." Yetu. Mimi hapo ndipo huwa nasimama, kwa sababu wengi wetu tunaomba furaha kama mtu anayeagiza soda yake peke yake.

Wakristo wa Korintho waliijaribu njia hiyo. Walikutana kula, kila mtu akawahi chakula chake, huyu ana njaa, yule amelewa. Paulo akawaambia wazi kwamba hicho si chakula cha Bwana. Divai ilikuwepo, mkate ulikuwepo. Kilichokosekana ni ndugu aliyeachwa na njaa. Sura moja kabla alikuwa ameshawaeleza kwamba mkate ni mmoja, na wao walio wengi ni mwili mmoja.

Na kwa kuwa furaha hii hutoka katika kushiriki, haingoji mambo yanyooke. Februari moja tulikutana kwa ibada ya nyumba kwa nyumba uani kwa bibi mmoja mjane. Mvua ilikuwa imekatika, uwele shambani umejikunja, na akiba ya mwaka jana ilikuwa inaisha. Mmoja alileta unga, mwingine mlenda mkavu, mimi chumvi tu, naona aibu hadi leo. Tulisoma, tukaomba, tukanawa, tukala sinia moja. Kisha bibi akaagiza ngoma yake ya muheme, akaibana katikati ya mapaja, akaanzisha wimbo kwa Kigogo, na mikono ikiwa bado inanukia mlenda tukaitikia.