Barua ya daktari na dhamana: ulizeni rumande itamfanya nini

Siku moja, mbele ya hakimu hapa Mombasa, niliinua barua ya daktari nikasema: "Mheshimiwa, mteja wangu anaugua kisukari." Hakimu akavua miwani. "Hata mimi ninacho, wakili. Endelea." Sikuwa na la kuendelea nalo. Barua yenyewe ilikuwa na jina, ugonjwa na muhuri, basi.

Tangu hapo, familia zikija na faili la hospitali kwapani huziambia: kuwa mgonjwa hakutoshi, onyesheni rumande itamfanya nini. Daktari aandike dawa gani, saa ngapi, na akiikosa kitampata nini na baada ya muda gani. Anayejidunga insulini, je, anadunga mara ngapi kwa siku, anakula saa ngapi, chupa inahifadhiwa wapi? Chupa iliyokwisha kufunguliwa haitakiwi kukaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30 hivi, na seli za Mombasa mwezi wa Februari mnazijua. Wa figo ana hesabu rahisi: kusafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki, kama saa 4 kila mara. Nani atampeleka, kwa gari gani, na askari wangapi? Hapo kiongozi wa mashtaka huanza kufunua makaratasi.

Kifungu cha 49(1)(h) cha Katiba yetu ya 2010 kinampa aliyekamatwa haki ya dhamana kwa masharti yanayofaa, ila pakiwa na sababu nzito za kumnyima, na mzigo wa kuzionyesha ni wa mashtaka. Hata mwenye kesi ya mauaji anaweza kuomba. (Wenzetu Tanzania, mshtakiwa wa mauaji au unyang'anyi wa kutumia silaha hana dhamana kisheria, awe mgonjwa awe mzima.) Lakini mteja akiwa anawatisha mashahidi, ugonjwa hautamwokoa, simu hupigwa hata kitandani.

Mimi ugonjwa nautumia zaidi kwenye masharti. Usikubali mteja apangiwe kuripoti kituoni Jumatatu na Alhamisi ikiwa ndizo siku zake za mashine ya kusafisha damu. Atakosa moja, na mashtaka wataomba dhamana ifutwe.

Baada ya hukumu hali hugeuka. Kwa anayesubiri rufaa, utasomewa uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 1986, Karanja dhidi ya Jamhuri: ugonjwa pekee si hali ya kipekee ya kumpatia dhamana iwapo gerezani kuna matibabu. Sibishani nao. Naishika hiyo "iwapo", naomba zahanati ya gereza iandike kama dawa ipo.

Na yule wa kisukari? Nilirudi baada ya wiki na barua ya kurasa mbili. Hakimu aliisoma yote, akamuuliza afisa kama kituoni kuna friji. Ipo, Mheshimiwa, ya soda za mkuu wa kituo.