Klasi mama dhahania haifanyi injini za utafutaji zilingane

Wengi huamini kwamba ukishaandika kwa Python klasi mama dhahania (abstract base class, yaani kiolezo ambacho klasi nyingine hukirithi na kukikamilisha) yenye methodi `ingiza()`, `futa()` na `tafuta()`, injini yoyote ya kutafuta hati itachomekwa bila shida. Sivyo. Moduli ya `abc`, inayotumika kuunda klasi kama hizo, hukagua majina tu, tena pale kitu kinapoundwa: methodi ikikosekana, unapata `TypeError`. Vigezo vyake na maana ya jibu haviguswi.

Penye balaa ni alama za ulinganifu, yaani namba zinazoonyesha hati inalingana kiasi gani na swali. Katika FTS5, sehemu ya utafutaji wa maandishi ya hifadhidata ya SQLite, `bm25()` inayokokotoa alama hizo hutoa namba hasi, na iliyo ndogo zaidi ndiyo bora; `ts_rank` ya hifadhidata ya PostgreSQL ni kinyume chake: kubwa zaidi ndiyo bora. Panga zote kwa kushuka, na upande wa SQLite hati dhaifu ndizo zitakazoongoza, kimya kimya, bila kosa lolote kuripotiwa.

Basi `tafuta()` iwe methodi kamili ndani ya klasi mama. Ndani yake iendeshe `_tafuta()`, ambayo ndiyo dhahania na kila injini huiandika yenyewe, kisha ikague kwamba alama zilizorudi zinashuka. Injini ya SQLite ipange kwa kupanda, halafu izidishe alama kwa -1.

Swali ghafi la mtumiaji nalo lisipelekwe moja kwa moja kwa injini: “au” ni `OR` kwa FTS5, lakini ni `|` kwa `to_tsquery` ya PostgreSQL.