Atributi za kompaila na prosesa zisizozijua

Programu yetu ya kusafisha sauti za kanda za zamani za taarab tunaiandika Mjini, Unguja, kwenye kompyuta za Intel na AMD. Wenzetu wa Chake Chake wanaiendesha kwenye Raspberry Pi, ambayo prosesa yake ni ARM. Msimbo unaojengeka huku bila tatizo, kule hugoma, na chanzo huwa hiki:

`__attribute__((target("avx2")))`

Atributi hii huiagiza kompaila, GCC au Clang, iijenge fankisheni hiyo moja kwa maagizo ya AVX2 (yanayoshughulikia namba nyingi kwa mpigo), hata kama programu nzima inalenga prosesa za zamani zaidi. Intel ilianza kuyatoa maagizo hayo mwaka 2013. ARM hainayo; ina maagizo yake ya namna hiyo, NEON.

Wengi hujikinga kwa `__has_attribute(target)`, inayoiuliza kompaila kama inaijua atributi hiyo, na hapo ndipo panapotaka uangalifu. GCC ya ARM nayo itajibu ndiyo! Jina `target` inalijua. Isichokijua ni hiyo `"avx2"`, na kilichomo ndani ya mabano hakikuulizwa. `__GNUC__`, jina ambalo GCC na Clang hulitangaza zenyewe, peke yake haitoshi vilevile, maana haisemi lolote kuhusu prosesa. Lazima uulize yote mawili, kompaila na prosesa, tena mahali pamoja tu:

```
#if defined(__GNUC__) && \
    (defined(__x86_64__) || defined(__i386__))
#define HARAKA __attribute__((target("avx2")))
#else
#define HARAKA
#endif
```

Fankisheni ikiwa ni C ya kawaida, tuseme kitanzi kinachopunguza mchakarisho kwenye sampuli za biti 16, HARAKA tupu inatosha: kwa `-O3` (kiwango cha juu cha uboreshaji), ARM ya biti 64 itapata NEON bila kuombwa. Ukiwa umeandika agizo la AVX2 kama `_mm256_add_epi16` kwa mkono, fankisheni nzima iingie ndani ya `#if`, pamoja na `immintrin.h` inayoyatangaza maagizo hayo.

Kinga hii ni ya wakati wa kujenga tu. Laptopu kuukuu ya Intel isiyo na AVX2 itaipita, kisha programu ife kwa SIGILL, ishara ya agizo ambalo prosesa hailijui. Kwa hiyo kabla ya kuiita fankisheni, uliza `__builtin_cpu_supports("avx2")`, nayo ibaki ndani ya `#if` ya namna hiyo hiyo.

Atributi `stdcall` na `regparm`, zinazopanga namna fankisheni inavyoitwa, ni za x86 ya biti 32. Kwenye ARM, GCC hutoa onyo na kuzipuuza, na onyo ni rahisi kupotea kati ya mistari mia. Ndiyo maana nawasha `-Werror=attributes`, inayoligeuza onyo hilo kuwa kosa, na kujenga kwa `aarch64-linux-gnu-gcc`, GCC inayojenga kwa ajili ya ARM ya biti 64, hapa hapa Mjini, kabla msimbo haujavuka kwenda Pemba.